Kadi ya Pili ya Dada Pasi

Ukiingia kwa Dada Pasi na shati lako mkononi, kitu cha kwanza anachokitazama si uso wako, ni kola. Hata mimi, jirani yake tangu nilipoacha kazi ya kupaka rangi majumba ya watu, hunisalimia macho yakiwa shingoni kwangu. "Mzee, hiyo kola uliilalia?" Hapo najua nimekaribishwa, navuta kigoda nakaa.

Chumba chake cha mbele kinatazama barabara. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi la zamani, na juu ya blanketi shuka jeupe lenye madoa ya kahawia ya pasi. Kuna chupa ya maji ambayo kifuniko chake kimetobolewa matundu, bakuli la wanga, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta wa kutundikia nguo zilizokwisha kunyooshwa. Katikati ya chumba limepita pazia. Nyuma ya pazia ndiko anakoishi: kitanda, jiko, ndoo, na kompyuta ya kuchezea gemu.

Ndiyo, gemu. Siku ya kwanza nilipoiona nilidhani ni ya mteja, ameileta inyooshwe.

Mtaani wanamcheka. Mama mwenye nyumba wetu, ambaye mdomo wake haujui likizo, alipata kumwambia mbele ya wateja: "Wenzako wanabeba wajukuu, wewe unaendesha vigari."

Dada Pasi akajibu bila kuinua uso: "Vigari haviniombi unga wa uji, mama."

Habari ya mashine hiyo inaanza na mdogo wake. Wazazi wao waliondoka mapema, mmoja akimfuata mwenzake, dada akabaki na kitoto cha kiume kilichokuwa bado kinaogopa giza. Alikilea kwa pasi. Posa zilikuja, nasikia, na zikarudi zilikotoka, maana kila mchumba aliuliza, "Na huyu mtoto?" naye akajibu, "Na huyu mtoto," mazungumzo yakaishia hapo.

Kijana alipofika sekondari, ofisi moja ya jirani ilibadilisha kompyuta zake, zile kuukuu zikatolewa kwa bei ya kutupa. Wakachukua moja. Ilikuwa mashine ya kuandikia barua. Ukiiwekea gemu inakohoa kama mzee aliyepanda ngazi. Basi likizo nzima kijana akabeba makreti ya soda, dada akajitwisha kazi za ziada, wakanunua kadi ya picha, yaani kile kipande kinachoingizwa ndani ya kompyuta ili iweze kuchora gemu upesi. Nayo ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wengine, feni yake ikilia kama nzi aliyefungiwa chupani. Lakini ilifanya kazi.

Gemu yao ilikuwa moja tu, ya mashindano ya magari. Skrini ilikuwa moja, wakaigawa: nusu ya juu ya dada, nusu ya chini ya mdogo. Waliketi ukingoni mwa kitanda, paja kwa paja. Ikifika kona kali, kijana humziba dada yake macho kwa kiwiko, na dada humfinya. Sisi wengine uani tulikuwa hatuhitaji redio.

"Dada, nusu yako imeila yangu!"

"Kasome hesabu kwanza, ndipo uje uniambie nusu ni nini!"

Mama mwenye nyumba hugonga ukuta: "Mnachinjana huko?"

"Bado, mama! Nikimaliza nitakuita uje kuzika!"

Siku moja kijana alishindwa vibaya, akasema kwa hasira ya mchezo: "Iko siku nitakuwa na skrini yangu na kiti changu. Hapo utaona vumbi."

"Utavipata," dada akamwambia.

Yalikuwa maneno ya kupita tu. Lakini kuna watu ambao wakishasema "utapata" wamekula kiapo.

Kijana alimaliza shule akapata kazi mbali, kwenye kiwanda cha vioo. Aliondoka na begi moja na mashati yake yote yakiwa yamenyooshwa hivi kwamba yalisimama yenyewe. Mwanzoni alipiga simu kila mara. Baadaye akapiga siku za mapumziko. Baadaye tena akawa anatuma ujumbe, na ujumbe wenyewe ukawa mfupi kama risiti: "Mzima dada. Kazi nyingi." Si kwamba alikuwa mtoto mbaya. Mtu akienda mbali, sauti yake hupungua. Mimi mwenyewe nimezunguka miji mingi na ndoo zangu za rangi, na najua jinsi ilivyo rahisi kusema nitawapigia kesho.

Ilikuwa adhuhuri moja nimepeleka suruali. Sikumkuta mezani. Nikabisha, akaniita nyuma ya pazia, nikamkuta anacheza. Skrini bado imegawanyika. Nusu ya juu gari jekundu linakimbia, linapinda, linapita wengine. Nusu ya chini gari la buluu limesimama kwenye mstari wa kuanzia, haliendi mbele wala nyuma.

"Hilo la chini la nani?" nikauliza.

"La mdogo wangu."

"Mbona haliendi?"

"Hayupo."

Alisema kama mtu anayekueleza kwamba duka limefungwa. Nikamuuliza kama gemu haiwezi kuchezwa na mtu mmoja, skrini nzima ikawa yake. Akasema inaweza, ni kubofya mahali pamoja tu. Akamaliza mzunguko wake, gari jekundu likapita kando ya lile la buluu, likaenda zake. Nikaacha suruali nikatoka.

Basi hali ikawa hiyo, hadi siku kijana alipopiga simu kwa sauti, si ujumbe. Mkataba wake kiwandani ulikuwa unafika ukingoni. Angekuja kupumzika siku chache, na kwa kuwa kiwanda cha maji ya chupa hapa kwetu kilikuwa kinatafuta watu wa mitambo, angepita kuuliza. Dada Pasi alinisimulia huku anakunja mashati, na kila shati alilikunja mara mbili maana mara ya kwanza mikono ya shati ilibaki nje.

"Anarudi, mzee."

"Amesema anarudi, au amesema atauliza?"

"Akiuliza watampa. Nani asiyemtaka?" Akavuta shati jingine. "Akikuta kiti chake kipo, atakaa."

Ndivyo ilivyoingia habari ya kadi ya pili.

Alimwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, kijana wa watu tunayemwita Miwani, ingawa miwani yenyewe hukaa juu ya kichwa chake muda wote na sijapata kuiona ikishuka machoni. Miwani aliitazama mashine, akatikisa kichwa.

"Dada, nakuambia ukweli kwa sababu nguo zangu unazinyoosha wewe. Usiongeze kadi. Uza hii ya zamani, ongezea kidogo, nunua moja yenye nguvu. Kadi mbili dhaifu hazisaidiani kwenye gemu kama hii. Moja itafanya kazi, ya pili itakaa inaangalia kama shemeji aliyekuja kutembea."

"Sitaki zisaidiane."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka watu wawili waketi kwenye kompyuta hii. Huyu na skrini yake, kibodi yake, kadi yake. Na yule na zake."

Miwani alifikiri, akajikuna kichwa mpaka miwani ikacheza. Akasema ipo programu inayoweza kuigawa kompyuta moja ikajiona mbili. Nafasi ya kuchomekea kadi ya pili ipo, ingawa ni ya polepole kuliko ya kwanza. Lakini kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine kilikuwa cha ofisini, cha kuandikia barua, hakitaweza kulisha midomo miwili. Nacho kibadilishwe.

"Yote hiyo kwa gemu ya magari?" akauliza.

"Wewe niorodheshee vitu," dada akasema. "Gari niachie mimi."

Akaomba mashuka ya nyumba ya wageni, kazi aliyokuwa ameiapia hataifanya tena. Shuka la nyumba ya wageni ni pana kama uwanja, na ukimaliza upande huu, upande ule umeshajikunja. Alijikaza kisabuni, akanyoosha mashuka hadi mabega yakawa hayainuki. Nikamwambia apumzike, akasema atapumzika akikaa na mdogo wake.

Siku ya kufunga kadi ilikuwa Jumapili mchana. Kazi yangu ilikuwa kumulika tochi ya simu, na Miwani alinilaumu mara kadhaa kwamba namulika dari. Akafungua mashine, akaitoa ile kadi ya kwanza, akaipuliza. Likatoka donge la manyoya ya nguo utadhani paka ameishi humo. Akairudisha mahali pake, na chini yake akachomeka ile ya pili, nyeusi, ndefu kidogo, iliyotumika pia. Zikakaa zimekaribiana kama watu wawili kitanda kimoja. Kisanduku kipya cha umeme kikaingia, nyaya zikafungwa, skrini ya pili ikawekwa upande wa pili wa meza ndogo. Dada Pasi akaleta kiti alichokinunua kwa seremala, chenye mgongo, akakipangusa mara mbili tatu ingawa hakikuwa na kitu.

Walipowasha, skrini zote mbili zikawaka. Sijui kompyuta, lakini najua furaha nikiiona. Dada alikaa kiti hiki akaendesha gari jekundu, akahamia kiti kile akaendesha la buluu, akarudi tena, anacheka peke yake. Halafu akasimama, akapeleka kiganja karibu na mashine bila kuigusa, vile anavyofanya kuipima pasi.

"Ya juu inaungua," akasema. "Inavuta pumzi ya mwenzake. Pasi mbili haziwekwi mgongo kwa mgongo."

Miwani akatazama vipimo kwenye skrini, akakubali. Wakaacha ubavu wa mashine wazi, wakaielekezea feni ya mezani. Ikatulia.

Kesho yake asubuhi, mashine ikiwa imewashwa, akachomeka pasi aanze kazi. Taa ikafifia, ikasikika *puu*, na skrini zote mbili zikazima. Akachomoa pasi, akawasha mashine, ikawaka vizuri. Akachomeka pasi. *Puu*. Miwani akaja, akakagua, akasema kosa si la mashine. Waya wa umeme unaoingia chumbani ni mwembamba. Pasi inakunywa nyingi, na kadi mbili sasa zinakunywa zaidi ya moja. Zamani vilivumiliana. Sasa ama pasi ama kadi.

Tukaenda kwa mama mwenye nyumba kuomba waya mnene.

"Nyumba hii marehemu mume wangu aliijenga kwa taa na redio," akasema. "Hakusema kutakuja uwanja wa mashindano."

"Gharama nitachangia, mama."

"Ukichomoa waya mmoja kwenye ukuta huu, ukuta wote unakufuata. Muulize mzee, yeye ndiye aliyeupaka."

Waliniangalia wote wawili. Ukuta huo naujua. Rangi ndiyo inayoushikilia. Nikasema ni kweli.

Dada Pasi hakukata tamaa. Alikwenda kuazima pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo kwenye komeo. Wazo halikuwa baya: mkaa hauombi umeme. Alichosahau ni ile feni iliyosimama kwenye ubavu wa mashine ulio wazi. Alipopuliza mkaa, majivu yakapaa, yakapita juu ya pazia, feni ikayapokea na kuyasukuma yote ndani ya kompyuta. Mengine yakatua kwenye mashuka ya nyumba ya wageni. Siku ile alifua upya mashuka yote kwa mkono, na Miwani akakaa kwenye kigoda changu anasugua kadi kwa mswaki, anaongea peke yake kama mtu aliyefiwa.

"Majivu, dada? Ndani ya kadi? Hata mchawi hafanyi hivi."

"Sugua, mwanangu. Usiniongezee."

Hivyo akaamua. Mdogo wake akiwapo, pasi haitawaka. Akaandika kwa chaki mlangoni: PASI IMEPUMZIKA. Wateja walikuja, wakasoma, wakabisha hata hivyo. Karani mmoja alimwambia ana harusi ya binamu yake. "Vaa koti juu," akajibiwa. Mimi mwenyewe nilitembea siku zile na mashati kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa.

Mdogo mtu akafika. Amekuwa mrefu, ana ndevu, mikono ina makovu madogo madogo ya vioo. "Shikamoo mzee," akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Adabu zake zilikuwa zimebaki pale pale. Dada alikuwa amesimama mlangoni, hakujua aanze na lipi, akaanza na alilolizoea. Akaishika kola yake.

"Huko hakuna pasi?"

"Dada, hata hujaniambia karibu!"

"Karibu. Huko hakuna pasi?"

Wakakumbatiana wakicheka. Akamvuta nyuma ya pazia, nami nikafuata kwa kuwa niliitwa. Kijana akaona skrini ya pili, kibodi, kiti. Akasimama.

"Umefanya nini hiki?"

"Kaa."

"Dada, umefanya nini?"

"Kaa kwanza!"

Akakaa. Wakaanza, na nikawa nangoja zile kelele za zamani. Miwani alikuwa amempa kila mmoja hedifoni zake, kwa sababu sauti za magari mawili zinagongana usiweze kusikia lako. Basi wakavaa. Huyu huku, yule kule, meza katikati. Hakuna kiwiko kilichofika kwa mwenzake. Hakuna aliyeweza kuona nusu ya mwenzake ili alalamike kwamba imeila yake. Chumbani ikabaki sauti ya feni na vidole. Mbio zilipokwisha ndipo wakatazamana.

"Umeshinda?" dada akauliza.

"Eh. Wewe?"

"Nilianguka darajani."

"Pole."

Mama mwenye nyumba akapitisha kichwa kwenye pazia. "Kwani amefika kweli? Mbona kimya?"

"Amefika," dada akasema.

"Basi msinichezee kama wagonjwa." Akaenda zake.

Ikawa hivyo siku zile. Walikula pamoja, walizungumza habari za watu, nani kaoa, nani kahama. Kisha wanakaa kwenye mashine na kila mmoja anakwenda zake. Kijana alicheza kwa bidii, ungedhani analipia. Nafikiri aliona mabega ya dada yake yasiyoinuka, akaona kuinuka kwenye kile kiti ni kumtukana. Siku moja alikwenda kiwanda cha maji. Aliporudi dada alimngoja hadi akavua viatu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema watanipigia."

"Wakipiga?"

"Tutaona, dada. Twende tucheze."

Alasiri ya pili baada ya hapo, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nawatazama kwa kukosa kazi. Wote wamevaa hedifoni. Kijana akaacha mikono kwenye kibodi, gari lake likagonga ukuta, hakulitoa. Akavuta hedifoni zake shingoni. Akasema, macho kwenye skrini:

"Dada. Kule kiwandani wamenipa mkataba mpya. Wamenifanya msimamizi. Kuna msichana pia, tumekubaliana. Hawa wa maji walinipigia jana wakanikubali, nikawakatalia."

Dada Pasi hakugeuka. Hedifoni ziko masikioni, gari jekundu linapinda kona. Kijana akamtazama, akaona hakusikia. Ndipo akakumbuka nipo. Akanitazama, uso umemshuka, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Neno la ndugu kwa ndugu, mzee wa pembeni analibeba apeleke wapi? Akarudisha hedifoni masikioni, akalitoa gari ukutani, wakaendelea.

Nililibeba jambo lile siku nzima iliyofuata kama mawe mfukoni. Kila nikimwona dada anachemsha chai nasema moyoni, mwambie, kijana, mwambie leo.

Alimwambia asubuhi ya mwisho. Begi lilikuwa limefungwa tayari, naye amekaa kwenye kiti chake, skrini inawaka mbele yake, hachezi. Nilikuwa nimekuja kuaga. Akarudia yote: mkataba, usimamizi, msichana, watu wa maji. Safari hii alimshika dada yake mkono.

"Nilitaka kukuambia mapema. Nilikuambia hata, siku ile, ila ulikuwa umeziba masikio."

"Nilisikia," Dada Pasi akasema.

"Ulisikia vipi?"

"Hedifoni zangu sijazitia sauti tangu ulipofika. Nilizivaa tu, usione umeniacha peke yangu. Nilikuwa nangoja useme kitu."

Mimi nikataka kutoka, lakini njia ilikuwa imezibwa na begi.

"Kwa nini hukujibu?" kijana akauliza.

"Ulikuwa hujawa tayari kunitazama. Neno la hivyo husemwa mtu akitazamwa." Akauachia mkono wake, akasimama. "Vua shati hilo. Hutaenda kwa msichana wa watu na kola kama hiyo."

Kijana akavua. Dada akaizima mashine, si kwa kuikata ghafla. Aliizima taratibu kama inavyotakiwa, akangoja feni zinyamaze. Akaenda mbele ya pazia, akachomeka pasi. Taa ikafifia kidogo, ikarudi. Akanyunyiza maji. Alianza na kola, akaja mabegani, mikono, vifungo, na hakuwa na haraka. Kijana alisimama na fulana, akimwangalia. Shati likaisha. Akalivaa lingali na joto, akasema, "Linaniunguza, dada," naye akasema, "Ndiyo dawa yake." Wakaenda wote hadi stendi. Mimi nilibaki kufuta chaki mlangoni, kwa sababu tayari karani alikuwa amesimama na koti lake.

Dada alirudi, akachapa kazi. Hakulia mbele yangu, na ya nyuma ya pazia siyajui.

Siku kadhaa baadaye alimwita Miwani atoe kadi moja.

"Nilikuambia," Miwani akaanza, halafu akamtazama usoni, akabadili njia. "Sawa. Natoa hii ya chini, si ndiyo? Mpya."

"Toa ya juu."

"Ya juu ndiyo iliyotangulia, dada. Imechoka, feni inalia. Ukiiuza hutapata kitu."

"Nani kasema nauza? Toa ya juu. Ya chini uipandishe."

Akaipokea kadi ile kuukuu, akaipangusa, akaifunga ndani ya kitambaa alichokipiga pasi kwanza, akaitia kwenye boksi na magazeti pande zote. Mimi nikapewa kazi ya kuipeleka ofisi ya mabasi, kwa kuwa yeye alikuwa na mashuka. Nikaipeleka.

Simu ilikuja nikiwa palepale kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa na wanga, akaiweka simu mezani ikitoa sauti kwa nje.

"Dada, nimepata mzigo. Hii si ile ya kwetu? Ile ya makreti ya soda?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa dada, mimi sina kompyuta."

"Najua."

Pasi ilikuwa imesimama kwa kisigino chake, inatoa mvuke. Huko upande wa pili palikuwa na sauti ya mwanamke ikiuliza ni nini hicho, na kijana akamjibu kitu ambacho hakikufika kwetu.

"Niifanye nini?" akauliza.

"Iweke mahali pasipo na majivu," dada akasema. "Usiilalie. Siku ukipata mashine utakuwa na pa kuanzia."

"Inaweza kuchukua muda."

"Haili, haivai. Itakaa."

"Sawa, dada." Hakukata simu. Dada naye hakukata. Nilisikia mashine za kiwanda zikinguruma mbali, ndani ya ile simu. Halafu mteja akabisha mlangoni na suruali begani, naye Dada Pasi akainua macho akaangalia kola yake.